Drili ya waya haijui kuchoka

Ubavuni mwa mpini wa drili yangu, pale kidole gumba kinapotua, kuna kitufe kidogo cheusi ambacho sijakigusa kwa miaka sita. Kazi yake ni kuifunga swichi ikiwa imebonyezwa. Unavuta kifyatuo, unasukuma kitufe, unaachia kidole, na drili inaendelea kuzunguka yenyewe kama feni. Aliyekibuni nadhani alimfikiria mtu aliyeifunga drili yake kwenye stendi juu ya meza, mikono yote miwili ikiwa huru. Mimi nilikitumia nikiwa nimepiga goti moja sakafuni, nikitoboa chuma bapa cha unene wa milimita 8 kwa biti ya milimita 12, kwa sababu kidole cha shahada kilikuwa kimeanza kufa ganzi.

Chuma nilikuwa nimekibana kwa vibano viwili kwenye benchi la chini. Hapo sikukosea. Kosa lilikuja mwishoni. Biti inapokaribia kutokea upande wa pili, ule utando mwembamba uliobaki haukatiki tena bali unachanika, na kingo za biti zinajikita kwenye mpasuko kama skrubu. Biti ikakwama. Chuma hakikusogea, biti haikuzunguka, na mota ilikuwa bado inataka kuzungusha kitu. Kilichobaki cha kuzungushwa ni drili yenyewe, pamoja na mkono wangu.

Mpini ulinitoka kuelekea kulia, ukakipiga kifundo cha mkono, nikauachia. Hapo ndipo kile kitufe kilipodai chake. Drili niliyoiachia haikusimama. Ilijizungusha ikining'inia kwenye biti, ikiusokota waya mwilini mwake na kwenye mkono wangu wa kushoto, mara mbili, mara tatu, mpaka waya ukaisha urefu na plagi ikang'oka kwenye soketi. Kukawa kimya. Nilikaa pale sakafuni nikiutazama waya uliojiviringisha mkononi, nikaelewa kwamba kilichoizima drili ile ni ufupi wa waya. Mimi sikuwa na mchango wowote.

Drili ya betri ina udhaifu wake, lakini ni udhaifu unaofanana na wetu: inachoka. Betri inashuka, sauti inalegea, na nyingi zina ile pete yenye namba nyuma ya mdomo unaoshika biti, pete ambayo huachia nguvu ikizidi, tra-tra-tra, kabla mkono haujateguka. Drili nyingi za waya hazina pete hiyo. Zimeunganishwa na nyaya zinazokwenda hadi kwenye mitambo ya kufua umeme, na mitambo ile haitaishiwa nguvu kwa sababu ya tundu lako moja. Popote panapohitaji kusimamwa katika kazi hii, wa kusimamisha ni wewe. Nimekuja kuona kwamba karibu kila ajali ya drili ya waya, na karibu kila drili iliyokufa kabla ya wakati wake, ina mtu nyuma yake aliyechelewa kuachia kidole.

Wazee wa chombo hiki walilijua jambo hili mapema. Mwaka 1889 Arthur James Arnot na William Blanch Brain walipata hataza ya drili ya umeme huko Melbourne, Australia, ila ile ilikuwa mashine ya kutobolea miamba, si kitu cha kushika mkononi. Drili ya kubebeka ilitoka kwenye kampuni ya Fein huko Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1895. Kisha mwaka 1917 Wamarekani wawili, S. Duncan Black na Alonzo Decker, wakapata hataza ya drili yenye mpini wa bastola na kifyatuo. Watu husifu lile umbo la bastola. Mimi naisifu springi iliyo nyuma ya kifyatuo, kwa kuwa ndiyo inayosema mkono ukiachia, mashine inalala. Ukibonyeza kitufe cheusi umeinyamazisha springi ile.

Kwa hiyo sasa natumia mikono miwili. Ule mpini wa pembeni unaokuja ndani ya boksi, ambao watu wengi huuacha humo humo, naufunga upande wa kushoto. Nitaeleza kwa nini. Ukiitazama kazi kutoka nyuma ya drili, biti inazunguka kuelekea upande wa mishale ya saa. Biti ikikwama, mwili wa drili unataka kwenda kinyume. Mpini wa chini unakimbilia kulia, na huko mkono wa mtu hauna nguvu. Mpini wa pembeni ukiwa kushoto unasukumwa chini, na mkono wa kushoto ulionyooka unaweza kuuzuia kwa uzito wa bega zima. Isitoshe, mpini huo uko mbali zaidi na kitovu cha mzunguko kuliko ule wa bastola, na kadiri unavyoshika mbali ndivyo unavyohitaji nguvu kidogo kuzuia msokoto ule ule. Ni wenzo tu, kama mtu anayefungua nati ngumu kwa spana ndefu.

Biti ikikaribia kutokea, napunguza shinikizo mpaka nahisi kama ninaizuia drili isiende mbele badala ya kuisukuma. Sauti inabadilika sekunde moja kabla: ule mkwaruzo mzito unakuwa mwepesi na wa kukatakata. Sikio likikamata sauti hiyo, kidole kinalegea. Na biti ikikwama licha ya hayo yote, usiirushe swichi, yaani kuvuta na kuachia, kuvuta na kuachia, ukitumaini itajinasua. Mota iliyozuiwa kuzunguka hunywa umeme mara kadhaa ya kawaida yake, na umeme wote huo unageuka joto ndani ya nyuzi za shaba. Chomoa plagi. Geuza mdomo kwa mkono kinyumenyume. Au badili uelekeo kwa ule wenzo mdogo, mashine ikiwa imesimama kabisa, kisha irudishe polepole.

Kipande kidogo ndicho hatari kuliko kikubwa. Nimemwona mtu mzima akishika kipande cha bati kwa vidole vitatu na kukitoboa juu ya ubao. Bati lilijinasa kwenye biti likawa panga la helikopta. Vidole alibaki navyo, ngozi ya kiganja ikachanika. Kitu chochote usichoweza kukibana, usikitoboe. Huo ndio msimamo wangu na sina mjadala nao, hata kama tundu ni la milimita 3 na una haraka.

Nikija kwenye kasi, hapa wengi tunaharibu biti bila kujua. Kibandiko cha drili yangu kinasema mizunguko 2,800 kwa dakika, na kwa miaka mingi niliamini kazi yangu ni kuitumia yote. Ila kinachokata ni ukingo wa nje wa biti, na ukingo wa biti pana husafiri mbali zaidi katika mzunguko mmoja kuliko wa biti nyembamba. Chuma laini cha kawaida, kwa biti za chuma cha kasi, zile zenye alama ya HSS, kinapenda ukingo uende kama mita 25 kwa dakika. Ukipiga hesabu ya duara unapata kanuni ambayo nimeiandika kwa kalamu ndani ya kifuniko cha boksi: gawa 8,000 kwa kipenyo cha biti katika milimita. Biti ya milimita 4 inapata mizunguko 2,000. Ya 10 inapata 800. Ile yangu ya milimita 12 siku ya ajali ilistahili mizunguko isiyozidi 700, na mimi niliipa mara nne yake. Si ajabu ilikuwa na moto, ni butu, na ilikuwa inachana badala ya kukata.

Hakuna mita ya kukuonyesha kasi hiyo kwenye drili ya mkono. Kuna vinyweleo vya chuma. Biti kali kwenye kasi sahihi hutoa nyuzi ndefu zinazojikunja, kutoka pande zote mbili za biti. Ukiona unga mkavu, au moshi, au ncha imegeuka rangi ya bluu, kasi ni kubwa au biti imekufa. Tone la mafuta linasaidia sana kwenye chuma. Kugonga alama kwa ponchi kabla ya kuanza kunasaidia zaidi, kwani biti isiyokuwa na kishimo cha kuanzia hutembea juu ya chuma laini kama kaa, na mwenye drili huanza kuikandamiza kwa hasira. Kwa tundu pana anza na jembamba la milimita 3 au 4. Katikati ya biti ya kawaida hakukati, kunasaga tu, na tundu la kutangulia linaiondolea kazi hiyo.

Hali ya nyundo, ile inayoifanya biti igonge huku ikizunguka, ni ya ukuta, saruji na tofali, kwa biti yenye kichwa kigumu cha kabidi. Kwenye mbao, chuma na vigae iweke pembeni. Inatosha hapo, isipokuwa jambo moja: ukiwa kwenye zege ukagota ghafla, sauti ikawa kali ya kengele, umekuta nondo. Biti ya ukutani haikati nondo hata ukiilalia kwa kifua. Hamisha tundu.

Sasa niiseme ile drili yangu ya kwanza, maana niliiua mwenyewe. Haikufa kwa kutoboa. Nilinunua fimbo ya kukorogea, ile yenye mapanga mwishoni, nikaifunga kwenye mdomo wa drili na kukoroga ndoo baada ya ndoo ya plasta nzito. Nilikuwa mwangalifu, au ndivyo nilivyodhani: nilivuta kifyatuo kidogo tu ili izunguke polepole isirushe matope. Ndoo ya nne ikatoa harufu. Anayeijua haihitaji kuelezwa. Asiyeijua, ni kama vanishi iliyomwagika juu ya jiko, tamu kidogo, na inakaa puani siku nzima. Nikaiacha ipumzike, nikaimalizia ndoo ya tano.

Fundi niliyempelekea aliifungua mbele yangu. Akatoa amecha, ule mhimili uliosokotwa shaba unaozunguka katikati ya mota, akaipanguza kwa kidole na kunionyesha. Shaba iliyopaswa kung'aa rangi ya asali ilikuwa nyeusi kama mkaa.

"Mwanangu," akasema, "hii uliiendesha polepole, eh?"

Nikamwambia ndiyo, mzee, nilikuwa naihurumia.

"Ndipo ulipoichoma."

Kisha akanionyesha feni. Nyuma ya mdomo, ndani, kwenye mhimili ule ule wa amecha, kuna feni ndogo ya plastiki. Ndiyo inayovuta hewa kwa yale matundu ya nyuma na kuipitisha katikati ya shaba hadi itoke mbele. Feni hiyo haina mota yake. Mota ikienda polepole, nayo inaenda polepole. Kwa hiyo mzigo mzito kwenye kasi ndogo ni adhabu mara mbili: joto linaongezeka na upepo unapungua. Drili ikipata moto usiizime ukaiweka chini papo hapo. Itoe kwenye kazi, iache izunguke bure kwa kasi kamili kwa dakika moja au mbili, feni ilitoe lile joto nje, ndipo uizime. Nilikuwa nimefanya kinyume cha kila kitu. Tangu siku hiyo nina mazoea ya kugusa kichwa cha gia kwa mgongo wa kiganja kila baada ya matundu machache. Ngozi ikishindwa kutulia pale, kazi inangoja.

Yale matundu ya hewa nayo yana njaa ya usafi. Vumbi la ukuta likiingia ndani linachanganyika na grisi na kuwa ugoro mgumu unaoganda kwenye shaba kama blanketi. Kila nikimaliza kazi ya ukutani naichomoa drili, napitisha brashi laini, kisha naiwasha bure nje kwa sekunde chache nikiwa nimevaa miwani, na wingu linalotoka linatosha kukushawishi. Ukitoboa dari vumbi linadondokea moja kwa moja kwenye mashine. Kata mpira laini katikati, au kikombe cha plastiki, kitoboe chini, kipitishe kwenye biti kikae kama mwavuli uliopinduka. Macho yako yatafaidi pia. Na mapafu: vumbi la zege na tofali lina silika, chembe ndogo kuliko unavyoweza kuona, ambazo zikishaingia ndani kabisa hazitoki. Barakoa ya kitambaa haizizuii. Tafuta ile ya kuchuja chembe, yenye alama ya FFP2 au N95.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni kaboni, vile vijiti viwili vinavyoupeleka umeme kwenye shaba ya mota inayozunguka. Drili yangu ya sasa ilianza tabia ya kutowaka mpaka niigonge kwa kiganja ubavuni, na ikiwaka, ukichungulia kwenye matundu ya nyuma unaona cheche za rangi ya chungwa zikizunguka kama pete. Cheche chache za bluu ni kawaida. Mota hizi zote hutoa, ndiyo maana hazifai kuwashwa palipo na mvuke wa petroli au tina. Pete nzima ya moto si kawaida. Nikachomoa plagi, nikaiweka mezani nikiiona kwa macho, nikatafuta vifuniko viwili vya plastiki, kimoja kila upande wa nyuma, vyenye mfereji wa bisibisi bapa. Drili nyingine hazina vifuniko hivyo, lazima upasue mwili wote kwa kufungua skrubu. Kama ndivyo, piga picha kila hatua, maana waya mmoja uliokaa vibaya utabanwa kwenye ukingo ukishafunga.

Nikafungua kifuniko polepole, kidole kikiwa juu yake, kwa kuwa chini kuna springi na springi haina subira. Ikatoka kaboni: kijiti cheusi cha pembe nne, mkia wa nyuzi za shaba, springi, na kikofia cha shaba mwishoni. Mpya huwa na urefu wa sentimita moja na nusu hivi. Hii yangu ilibaki milimita 4 upande mmoja na 6 upande wa pili. Ikifika kama milimita 5 hubadilishwa, na hubadilishwa zote mbili kwa pamoja hata kama moja bado ina maisha, kwa kuwa springi zinapaswa kusukuma sawa. Uso wake ulikuwa umechimbika kufuata duara la shaba linalozunguka ndani, laini na unang'aa kama kioo cheusi. Huo ni uchakavu wa afya. Ukikuta uso una mapengo, au umeungua upande mmoja, au duara la shaba lina makovu unayoyahisi kwa ukucha, kaboni mpya zitaliwa kwa wiki chache. Tatizo liko kwenye amecha.

Kaboni mpya lazima ziwe za vipimo vile vile, upana, unene na urefu. Kuna wanaopunguza kubwa kwa tupa. Inawezekana, lakini isipoteleza kwa uhuru ndani ya kijumba chake itakwama ikiwa mbali na shaba, na utarudi kwenye kuigonga kwa kiganja. Nilipoziingiza niliiendesha drili bila mzigo kama dakika tano, ili nyuso zao zijichonge kufuata duara. Cheche zilianza nyingi, zikapungua, zikabaki zile za bluu.

Kaboni za aina fulani zina kipini kidogo cha plastiki kilichofichwa ndani pamoja na springi yake. Kaboni ikiisha hadi kiasi fulani, kipini kinachomoza, kinaisukuma kaboni mbali na shaba, na drili inazimika papo hapo hata kama uko katikati ya tundu. Mara ya kwanza iliponitokea nililaani. Siku hizi nakistahi kile kipini. Ndani ya mashine yote ile, ndicho pekee kinachojua kusema basi.

Umeme wenyewe nauogopa, ila si kwa namna nilivyouogopa zamani. Tafuta kwenye kibandiko alama ya mraba ndani ya mraba. Maana yake drili ina kinga mbili za kuzuia umeme usifike kwenye mkono wako, ndiyo sababu waya wake una nyuzi mbili tu na hauna wa ardhi. Drili za zamani zenye mwili wa chuma hazina alama hiyo na zinautegemea waya wa ardhi. Aliyekata pini ya ardhi ili plagi iingie kwenye soketi ya matundu mawili amekata uhai wa mtu fulani. Hata yenye mraba mara mbili, kinga yake inaishia kwenye mpini. Mdomo na biti ni chuma. Ukitoboa ukutani ukaugusa waya uliofichwa, umeme unakuja mpaka kwenye mdomo, na atakayekuwa ameushika hapo kwa ajili ya kuuelekeza ndiye atakayejua. Nyaya za ukutani kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwenye soketi na swichi, au hulala kwa mstari mmoja nazo. Sitoboi kwenye mistari hiyo hata kama kipima-waya kinasema pako salama.

Fyuzi haikulindi. Hili lilinichukua muda kulielewa. Drili ya wati 600 kwenye volti 230 inakula ampea 2.6. Fyuzi ya plagi inaweza kuwa ya ampea 13, na inangoja mpaka zipite hapo ndipo ikatike. Mwili wa mtu unaweza kufikwa na mauti kwa sehemu ndogo sana ya ampea moja, kiasi ambacho fyuzi haikioni kabisa. Inayokiona ni ile swichi inayolinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na kukata tofauti ikifika miliampea 30, yaani sehemu tatu za mia za ampea moja. Kama nyumba haina, kuna ya kuchomeka kwenye soketi. Ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kabla ya kazi, ukione kikikata.

Waya hufia mahali pamoja karibu kila mara: pale unapoingia kwenye mpini, chini ya ile shingo ya mpira. Hapo ndipo unapopindwa kila unapoifunga drili kwa kuuzungusha waya mwilini mwake kwa nguvu, na hapo ndipo unapovutika ukiibeba drili ikining'inia. Nyuzi za shaba ndani zinakatika moja moja, nje hakuna dalili. Ishara ya kwanza ni drili inayozimika ukisogeza mkono na kurudi. Wengi hujifunza mkao unaoifanya iwake, wakaendelea. Zile nyuzi chache zilizobaki zinabeba mzigo wa wenzao, zinapata moto, plastiki inayeyuka. Utepe wa gundi juu ya waya uliopasuka ni pazia tu. Kata sehemu iliyokufa na uunganishe upya ndani ya mpini, au badilisha waya wote, na kama hujawahi kufanya hivyo mpe anayejua.

Ekstensheni ya kuviringisha ikunjue yote, hata kama unahitaji mita mbili. Waya uliobaki umejikunja kwenye gurudumu hauna pa kutolea joto. Nyingi zimeandikwa wati mbili tofauti, ya kukunjwa na ya kukunjuliwa, na tofauti yake si ndogo.

Glavu vua. Najua inasikika kinyume. Nyuzi moja ya kitambaa ikinaswa na biti inavuta kidole kabla ubongo haujapata habari. Mikono ya shati kunjwa, nywele fungwa, mkufu mezani. Miwani vaa kila siku, na masikio yakinge ukiwa kwenye hali ya nyundo.

Ufunguo wa mdomo ndio wa mwisho. Mdomo wa meno matatu unaokazwa kwa ufunguo una hataza ya mwaka 1902, ya Mmarekani Arthur Irving Jacobs, na haujabadilika sana tangu hapo. Kaza kwenye matundu yote matatu, si moja, la sivyo biti itateleza na shina lake litachimbwa mistari. Ukisahau kuuchomoa ufunguo na kuvuta kifyatuo, unaruka kama jiwe la kombeo. Watengenezaji wengi hutoa kamba ya mpira ya kuufunga ufunguo kwenye waya, na karibu kila mtu huifunga jirani na drili, ili uwe karibu. Yule fundi aliyenionyesha amecha alikuwa ameufunga wake upande wa pili kabisa, kiganja kimoja kutoka kwenye plagi. Nilidhani ni uzembe.

Wiki iliyopita mpwa wangu aliazima drili yangu. Alitoboa matundu mawili ya milimita 6, akataka kuweka ya 8. Nikamwona akiushika ufunguo na kuuvuta kuelekea kwenye drili. Waya ukakaza.

"Mjomba, mbona ufunguo uko mbali hivi? Haufiki."

"Utafika," nikamwambia.

Akavuta tena, akautazama waya, akaufuata kwa macho mpaka ukutani. Akaweka drili chini, akaenda, akachomoa plagi, akarudi nayo mkononi pamoja na ufunguo.